Kufufua Baiskeli ya Mbio ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanahusu baiskeli za mbio zenye fremu ya chuma, za kati ya miaka ya 1960 mwishoni na 1980 mwishoni: usukani uliojikunja kwa chini, gia 5 hadi 7 nyuma, vishikio vya gia kwenye bomba la chini la fremu. Raleigh, Peugeot, Motobécane, Bianchi, Miyata, Panasonic na kadhalika. Zinazoonekana Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi nyingi zilishuka kwenye makontena ya mitumba, zikiwa na kutu, matairi yaliyokauka na vipuri ambavyo duka la mtaani halina. Hapa hatuzungumzii baiskeli ya kutundika ukutani. Tunataka iingie barabarani na isimame ukishika breki.

Nikague nini kabla sijatoa pesa?

Fremu na foki. Vingine vyote vinabadilishika.

Anza nyuma ya bomba la kichwa, lile linalobeba foki. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kiungo. Ukigusa mkunjo, au ukiona rangi imepasuka kwa mstari unaozunguka bomba, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Iache, labda ikiwa unanunua vipuri tu. Kisha itazame foki ukiwa ubavuni: sehemu ya juu ya miguu yake iwe mstari mmoja na bomba la kichwa, ndipo ipinde kwenda mbele. Ikiwa imerudi nyuma, imekunjwa.

Kupima unyoofu wa fremu hakuhitaji mashine. Funga uzi kwenye mdomo mmoja wa ekseli ya nyuma (mwanya wa fremu unaoshika ekseli), upitishe mbele ya bomba la kichwa, urudishe hadi mdomo wa pili, uukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti (lile la fremu, lililosimama chini ya siti), kushoto na kulia. Tofauti ya milimita 1 au 2 ni ya kawaida kwa fremu za kiwandani. Ikizidi 3, inahitaji kunyooshwa.

Kutu ya juu juu isikutishe. Inayoua ni ya ndani, na hukaa chini kabisa, pale penye ekseli ya krenki (krenki ni mikono inayobeba pedeli), kwa sababu maji yakiingia kupitia bomba la siti hutuama hapo. Gonga mabomba kwa mpini wa bisibisi karibu na hapo. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti butu, na wakati mwingine ncha ya bisibisi huzama. Baiskeli iliyokaa miaka mingi karibu na bahari ikaguliwe hapa mara mbili.

Fremu imepasuka kwenye kiungo. Fundi wa mageti anaweza kuichomelea?

Asiiguse. Mabomba ya fremu nzuri ya mbio yana unene wa chini ya milimita 1 katikati, na welding ya umeme ya mageti itayatoboa au kuyafanya yavunjike sentimita chache kando ya pale alipochomea. Viungo hivi viliunganishwa kwa shaba au fedha iliyoyeyushwa kwa moto wa gesi. Mtafute fundi wa gesi aliyezoea mabomba ya friji au radieta, na umweleze kwamba chuma hakitakiwi kuyeyuka, shaba tu ndiyo iyeyuke.

Nitajuaje ni ya mwaka gani?

Namba ya fremu husaidia kwa kampuni chache tu. Vipuri husema zaidi. Shimano walipiga herufi mbili nyuma ya mikono ya krenki na ndani ya breki: ya kwanza ni mwaka, kuanzia A kwa 1976, ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. Kwa hiyo "FC" ni Machi 1981. Vibadilisha gia vya nyuma vya Campagnolo Nuovo Record vina maandishi ya hataza yanayofuatwa na tarakimu mbili za mwaka. Soma vipuri viwili vitatu kabla ya kuamua, maana kimoja kinaweza kuwa kilibadilishwa.

Kwa nini kila anayeijua kazi hii huuliza kwanza "imetoka nchi gani"?

Kwa sababu ya hesi, yale meno ya kufungia. Kabla viwango havijakubaliana, kila nchi ilikata yake, na baiskeli nyingi za zamani hazikufa kwa uzee. Zimeuawa na spana iliyolazimisha kipuri kisicho chake.

Pale penye ekseli ya krenki, fremu ya Kiingereza ina hesi ya inchi 1.37 yenye meno 24 kwa inchi, na ganda (bomba fupi la fremu linalobeba ekseli hiyo) la upana wa milimita 68. Kikombe cha kulia (kipande cha hesi kinachobeba gololi), upande wa cheni, hufunguliwa kwa kuzungusha kulia, kinyume na mazoea. Fremu nyingi za Kijapani zinafuata kipimo hikihiki. Ya Kiitaliano ni milimita 36 kwa meno 24, ganda la milimita 70, na vikombe vyote viwili hufunguka kwa kuzungusha kushoto. Ya Kifaransa ni milimita 35 kwa hatua ya milimita 1, ganda 68, vyote viwili hufunguka kushoto. Ipo na ya Kiswisi, ambayo ni sawa na ya Kifaransa isipokuwa kikombe cha kulia kimegeuzwa kama cha Kiingereza. Peugeot za miaka ya mwanzo ya 1980 zinaweza kuwa nayo. Na Raleigh za bei ya chini kutoka Nottingham zilitumia hesi yao wenyewe ya meno 26 kwa inchi.

Tofauti kati ya Kiingereza na Kifaransa ni kama milimita 0.2 tu. Kwa hiyo kikombe kisicho chake kinaingia vizuri mizunguko miwili, kinakaza, mtu anaongeza nguvu, na hapo hesi ya fremu inaparuka. Futa grisi kwenye uso wa kikombe cha zamani usome: mara nyingi kimepigwa chapa "1.37 x 24", "36 x 24" au "35 x 1". Kama hakuna chapa, pima kwa kalipa, kipimo cha kubana cha milimita.

Ufaransa ina mitego mingine. Shingo ya usukani ni milimita 22.0 badala ya 22.2, na pedeli za zamani ni 14 x 1.25 badala ya inchi 9/16. Shingo ya 22.2 inaweza kuingizwa kwenye foki ya Kifaransa kwa kuisugua kidogo kwa msasa. Kuigonga kwa nyundo bila kuisugua kunapanua bomba la foki.

Vipuri vya Phoenix au baiskeli nyeusi za Kihindi vinaingia?

Baadhi, na ni vizuri kuvijua kwa sababu vinapatikana kila soko.

Gololi zinaingia bila shaka. Ya robo inchi ni ya robo inchi popote. Kotapini (pini za kabari zinazofunga krenki kwenye ekseli) za milimita 9.5 zinafaa krenki nyingi za Kiingereza na Kijapani, ila krenki za Kifaransa hutaka 9.0. Pedeli za hesi ya 9/16 zinaingia. Waya wa ndani wa breki unafaa ikiwa kichwa chake kinakaa vizuri kwenye mkono wa breki: mikono ya usukani wa kujikunja hutaka kichwa chenye umbo la pea, siyo kile cha pipa.

Cheni haifai. Ile ni ya inchi 1/2 x 1/8, nene mno kwa friwili ya gia, yaani rundo la meno la gurudumu la nyuma. Unahitaji 1/2 x 3/32.

Tairi ndilo linalowaponza watu. Tairi la 28 x 1½ lina kipenyo cha ukingo cha milimita 635. Ringi ya zamani ya mbio iliyoandikwa 27 x 1¼ ni 630. Litaingia, tena kwa urahisi wa kushangaza, na ukijaza upepo litachomoka kwenye ringi, ama palepale au ukiwa mteremkoni. Usijaribu hata kwa siku moja.

Bomba la siti limeganda, halizunguki wala halitoki.

Bomba la aluminiamu ndani ya fremu ya chuma, jasho na unyevu vikapita katikati: aluminiamu inatoa unga mweupe unaochukua nafasi zaidi ya chuma chake, na bomba linabanwa kama limechomelewa. Pwani hali huwa mbaya zaidi kwa ajili ya chumvi.

Fuata hatua kwa mpangilio, na kila moja uipe muda. Legeza kabisa bolti ya kubana siti, itoe. Geuza baiskeli juu chini, toa ekseli ya krenki, mimina mafuta ya kupenya kwa ndani ili yashuke kwenye mwisho wa bomba, na mengine uyaweke kwa nje. Kama huna ya dukani, changanya ATF ya gari (mafuta ya gia otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu. Mbali na moto, na usimwage kwenye rangi. Rudia asubuhi na jioni kwa siku tatu nne.

Kisha fungia siti ya zamani yenye nguvu, shika siti kwa mikono miwili, zungusha. Lengo la kwanza ni kuzungusha, si kuvuta. Ikikataa, toa siti, bana kichwa cha bomba kwenye jiliwa iliyofungwa imara mezani, na uizungushe fremu nzima. Fremu yenyewe ndiyo inakuwa mpini. Ukisikia mlio mkali kama mti unaopasuka, imeachia.

Isipoachia, kata bomba sentimita 2 juu ya fremu, ingiza jino la msumeno wa chuma ndani, ukate mstari kwenda chini kutoka ndani kuelekea nje. Kata mistari miwili iliyo karibu, acha unene kidogo usiguse fremu, kisha kunja kipande hicho kwa koleo. Ni kazi ya nusu siku na vidole vitauma, lakini fremu inabaki nzima.

Njia ya mwisho ni kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni. Inayeyusha aluminiamu na kukiacha chuma. Pia inaharibu rangi popote inapogusa, inatoa gesi ya haidrojeni inayowaka, na inapofusha macho. Fanya nje, vaa miwani na glavu ndefu, ondoa kila kipande kingine cha aluminiamu kwenye fremu, changanya kwenye ndoo ya plastiki (siyo sufuria, itatobolewa), na daima weka soda ndani ya maji, usimimine maji juu ya soda. Gramu 100 kwa lita moja ya maji baridi inatosha kuanza.

Na shingo ya usukani iliyoganda?

Legeza bolti ya juu mizunguko 3 au 4 tu, kisha gonga kichwa chake kwa nyundo ya plastiki au weka kipande cha mbao katikati. Bolti ikizama, kabari ya ndani imeachia. Sasa banisha gurudumu la mbele katikati ya magoti na uzungushe usukani. Kosa la kawaida ni kuifungua bolti yote: kabari inabaki imeng'ang'ania chini na hakuna tena cha kuigonga.

Shingo ikitoka, isafishe na uichunguze chini ya jua kali. Aluminiamu ya miaka 40 huchoka. Ufa mdogo kama unywele kwenye mkato wa kabari au pale inapobana usukani unamaanisha shingo ni ya kutupa, hata iwe nzuri namna gani. Usukani nao vilevile. Vitu hivi viwili havitoi onyo kabla ya kuvunjika.

Natoaje kotapini bila kuiharibu?

Legeza nati hadi uso wake ulingane na ncha ya kotapini, usiiondoe. Simamisha kipande cha bomba la chuma sakafuni, urefu wa kutosha kufika chini ya krenki, na krenki ikae juu yake huku kichwa kinene cha kotapini kikiingia kwenye tundu la bomba. Kisha pigo moja zito la nyundo. Mapigo madogo madogo kumi huipanua ncha na kuifunga zaidi, na bila bomba chini, nguvu yote inapita kwenye gololi na kuchimba vikombe. Kama una kibano cha skurubu cha kutosha, ibonyeze kotapini nacho badala ya kugonga. Ni bora mara mia.

Kurudisha: kotapini mbili hukaa kwa mwelekeo unaopingana, moja nati yake juu, nyingine chini, la sivyo mikono ya krenki haitakuwa kwenye mstari mmoja. Sugua uso bapa kwa tupa kidogo kidogo hadi ukae wote kwenye ekseli, igonge iingie, ndipo ukaze nati. Nati si ya kuivuta kotapini. Ni ya kuizuia isitoke. Ikaze tena baada ya kilomita 20.

Krenki yangu haina kotapini, ina bolti katikati.

Hiyo hutaka kivuta krenki chenye hesi ya milimita 22. Krenki za TA ni 23, na za Stronglight za zamani ni 23.35. Kivuta kikiingia kwa shida, simama, si chake. Hesi ya aluminiamu ikiparuka, njia inayobaki ni ya ukatili. Wakati wa kurudisha, bolti ikazwe kwa Nm 30 hadi 40, ambayo kwa spana ya sentimita 25 ni kuivuta hasa, siyo kwa vidole. Krenki iliyolegea ikiendeshwa hata kilomita chache hula tundu lake la pembe nne, na haitakaza tena milele.

Kikombe cha kulia hakitoki kabisa.

Jiulize kwanza kama kuna haja. Kikiwa hakina mashimo kwenye njia ya gololi, kisafishe kikiwa hapohapo kwa kitambaa na mafuta ya taa.

Kikiwa kimechimbika, chukua bolti ya milimita 16 yenye nati na washa kubwa mbili. Ipitishe kwenye tundu la kikombe, washa moja ndani na moja nje, kichwa cha bolti kikiwa nje. Shika nati ya ndani na ukaze kichwa kwa kuzungusha kulia. Bolti itakibana kikombe, na ukiendelea kukaza kuelekea hukohuko, kikombe cha Kiingereza kinaanza kufunguka, kwa sababu nacho hufunguka kwa kulia. Kwa fremu ya Kiitaliano au Kifaransa, geuza bolti, kichwa kiwe ndani na nati nje, na uzungushe kichwa kutoka upande wa kushoto. Ongeza bomba kwenye spana kwa mwendo wa taratibu.

Gololi ngapi, za ukubwa gani?

Kwa baiskeli nyingi za aina hii: habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele 10 kila upande za inchi 3/16, habu ya nyuma 9 kila upande za inchi 1/4, ekseli ya krenki 11 kila upande za inchi 1/4. Beringi za shingo ya foki hutofautiana, mara nyingi inchi 5/32. Jaza duara, kisha toa moja. Hesabu zilizotoka kabla ya kutupa, lakini usiamini idadi peke yake, maana aliyefungua kabla yako huenda alizipoteza mbili chini ya kabati.

Gololi mpya ziwekwe zote, daima. Ni bei ndogo, na moja iliyoisha huchimba koni, kile kipande cha ekseli kinachobana gololi. Koni ichunguze kwa ukucha: mstari mwembamba unaong'aa ni njia ya kawaida, shimo ni koni ya kubadilisha. Grisi ya lithiamu ya gari inafaa kabisa, ijaze kikombe hadi gololi zinyanyuke ndani yake.

Katika kukaza, tumia spana nyembamba za koni, mara nyingi 13 mbele na 15 nyuma. Gurudumu lenye wenzo wa kufungulia liachwe na mchezo mdogo sana unaousikia kwenye ukingo wa ringi; wenzo ukibana, ekseli inajifupisha kidogo na mchezo unakwisha. Ukikaza hadi mchezo uishe kabla ya kufunga wenzo, gololi zitasagika.

Friwili imeganda, au inazunguka pande zote mbili.

Ikizunguka pande zote bila kushika, tisa kati ya kumi ni grisi iliyogeuka gundi na kuvilaza vijino vya ndani. Laza gurudumu, dondosha mafuta ya taa kwenye mwanya kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka, zungusha, rudia hadi yatoke safi upande wa pili. Maliza kwa oili nyepesi, siyo grisi.

Kuitoa kunahitaji kifungulio chake hasa: Shimano ina meno 12 kwa ndani, SunTour ina mianya 2 au 4, Regina ina 2. Vya mianya vinateleza na kuvunja kingo, kwa hiyo kibane kifungulio kwa nati ya ekseli au kwa wenzo, kisha kikae kwenye jiliwa na uzungushe gurudumu kushoto kama usukani wa lori. Ikiachia tu, legeza nati kabla ya kuendelea. Mianya ikiwa imevunjika, fungua bamba la nje lenye matundu mawili, ambalo hufunguka kwa kulia, uondoe vyote, ubane kiini kwenye jiliwa. Friwili itakuwa imekufa, lakini habu imepona.

Ukirudisha, paka grisi kwenye hesi na uanze kwa mkono. Hesi ya habu ya aluminiamu haisamehi.

Cheni ya zamani itumike?

Pima viungo 24 vinavyofuatana, kutoka pini hadi pini, yaani inchi 12 au milimita 304.8 kwa cheni mpya. Ikifika 306.4, badilisha. Ikifika 308, meno ya friwili nayo yameshaliwa, na cheni mpya juu yake itaruka kila ukisimama kwenye pedeli. Hapo unabadilisha vyote viwili.

Ringi ni za inchi 27. Nihamie 700C?

Tairi za 27 x 1¼ bado zinatengenezwa, ila kwa Afrika Mashariki 700C, kipimo cha baiskeli za mbio za kisasa, ni rahisi zaidi kuzipata. Kipenyo cha 700C ni 622, kwa hiyo ukingo wa ringi unashuka milimita 4, na raba za breki lazima zishuke kiasi hicho. Tazama mwanya wa mkono wa breki: kama raba ina nafasi ya kushuka milimita 4 au 5, umefaulu. Breki fupi hazitafika. Tairi la 700 x 28 au 32 linafaa barabara zetu kuliko lile jembamba la 23, na fremu nyingi za zamani zina nafasi yake.

Ukibaki na ringi za zamani, zitazame ukingo wa ndani. Zenye kuta zilizonyooka bila mdomo wa kulikamata tairi zisipate zaidi ya psi 70, hata kama tairi limeandikwa 90. Na tundu la valvu: ringi ya valvu nyembamba ina tundu la milimita 6.5, ya valvu ya gari au ya baiskeli nyeusi hutaka 8.5. Kupanua kwa drili kunakubalika, sugua kingo zisikate tyubu.

Breki zinashika, lakini baiskeli haisimami.

Waya na ganda lake ndivyo vya kwanza. Ganda la zamani halina plastiki ndani, waya unasuguana na chuma chenye kutu. Weka jipya la milimita 5, waya wa 1.5 au 1.6, kata ncha zikiwa bapa na uzisugue kwa tupa. Raba zilizogeuka mbao zitupwe, ziwe na sura nzuri au zisiwe nazo. Mbele ya raba iguse ringi kabla ya nyuma kwa kama milimita 1, kelele itaisha.

Ikiwa ringi ni za chuma kilichopigwa kromu, mvua ikinyesha hazishiki, na hakuna raba itakayokuokoa kikamilifu. Dawa ni ringi za aluminiamu. Hii ndiyo sehemu moja ambayo kuhifadhi "uasilia" hakuna maana.

Mikono ya ziada ya breki iliyo chini ya sehemu bapa ya usukani, ya mtindo wa miaka ya 1970, iondoe. Inagonga usukani kabla breki haijabana. Na kama breki zinavutwa katikati na waya mdogo mlalo, hakikisha mbele kuna kizuizi juu ya tairi. Waya mkuu ukikatika, ule mdogo unaanguka kwenye tairi, na gurudumu linasimama ghafla.

Gia zinajirudisha zenyewe.

Kaza skurubu ya kishikio kwenye bomba la chini. Hushikwa na msuguano tu, hakuna vituo. Kama bado, tazama kutoka nyuma: fremu ya vigurudumu vidogo vya kibadilisha gia iwe sambamba na friwili. Ikiinama, sikio la fremu linaloshika kibadilisha gia limepinda. La chuma linanyooshwa. Chukua gurudumu jingine la nyuma lenye ekseli ya hesi 10 x 1, ifunge ekseli yake kwenye tundu la sikio, na utaona kwa macho magurudumu mawili yanavyotofautiana. Vuta hadi yawe sambamba.

Kisha skurubu mbili za mipaka. Ya gia kubwa ndiyo muhimu: izungushe hadi cheni ipande jino kubwa kabisa bila hata uwezekano wa kwenda mbele zaidi. Ikivuka, kibadilisha gia kinaingia kwenye spoki, na fremu inapinda pamoja nacho.

Kutu na rangi je?

Rangi ya asili ikibaki hata kwa asilimia 70, iache. Kupaka upya kunaficha nyufa na kufuta chapa. Vipande vidogo vya chuma vyenye kutu viloweke kwenye ndimu ya unga, gramu 50 kwa lita ya maji ya uvuguvugu, saa 2 hadi 12 huku ukiangalia, kisha suuza kwa maji yenye baking soda, kausha juani, paka oili mara moja. Aluminiamu na gololi visiingie humo. Kromu yenye madoa husuguliwa kwa foili ya jikoni iliyoloweshwa maji. Ndani ya mabomba, nyunyiza oili nzito na uizungushe fremu ifike kila kona.

Ukiamua kupaka, ziba hesi zote kwa tepu na kataa kupigwa mchanga na fundi wa magari.

Nikiifanya ya gia moja?

Inawezekana ikiwa midomo ya ekseli ya nyuma imelala, maana unakaza cheni kwa kurudisha gurudumu nyuma. Cheni icheze kama milimita 12 katikati. Breki zote mbili zibaki.

Imekamilika. Safari ya kwanza iwe vipi?

Fupi, karibu na nyumbani, ukiwa na spana mfukoni. Kabla ya kupanda, hakikisha shingo ya usukani na bomba la siti vimezama angalau sentimita 6.5 ndani ya fremu, pedeli ya kushoto imefungwa kwa kuzungusha kushoto, na magurudumu yamebanwa. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma; ukisikia tok tok, beringi za shingo zimelegea.

Baada ya kilomita 50 rudia kukaza krenki, kotapini, koni na spoki. Waya mpya zitakuwa zimelegea, vuta upya. Beringi za shingo karibu kila mara hutaka robo mzunguko zaidi.